Jani la Mlangoni kwa Makange

Mmewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake timamu, ameshika jani mkononi na kuliuliza, "Wewe ni nani?"

Hamjawahi. Ninyi mmekulia wakati dawa inakuja kwenye chupa, jina limeandikwa ubavuni. Ndiyo maana leo mchana mama yenu aliposema, "Hata jani huulizwa, sembuse mtu," mlitazamana mkacheka, mkaja mbio kwangu mkitaka kujua jani linaulizwaje. Ndama amekata kamba mwenyewe, ameingia kwenye maharage, na wewe Elineema ukamshukia dada yako Namsifu kwa maneno mbele ya wageni kabla hujamwuliza hata neno moja. Halafu mnacheka. Namsifu, mjukuu wangu, sogea hapa karibu yangu. Na wengine chukueni mahindi hayo mnisaidie kupukuchua, maana hadithi hii siisimulii mikono ikiwa mitupu. Nikiisimulia hivi hivi hasira hunipanda nikakosa pa kuiweka.

Hata jani huulizwa, sembuse mtu. Methali hii haikutungwa na wenye busara waliokaa kivulini wakafikiri. Ililetwa na watu waliokosa adabu, na ilianza hivi.

Zamani, kabla barabara ya magari haijapanda huku milimani Upareni, kulikuwa na mwanamke katika kijiji cha Mrembwe aliyeitwa Nakiete. Alikuwa mke wa Senzota, na mtoto wao wa kwanza alikuwa Mbonea, kwa hiyo watu walimwita Mama Mbonea. Kazi yake ilikuwa kutambua majani. Sikilizeni vizuri, hakuwa mganga. Hakupiga ramli, hakupunga pepo. Mtu akiugua, wazee wakasema ugonjwa huu unataka jani fulani, Nakiete ndiye aliyekwenda msituni akalileta jani hilo hasa, si linalofanana nalo. Basi. Lakini hiyo "basi" ndiyo kazi yenyewe, maana msitu wa Mrembwe ulikuwa na majani yanayofanana kuliko mapacha.

Nitawaeleza mawili tu, ndiyo yenye hadithi. Kulikuwa na mti mdogo ukiitwa mtoriro, unaota kandokando ya kijito, kimo chake kama cha mwanamke aliyejitwika mtungi. Jani lake ni refu kama kidole cha kati, kingo zake zina meno madogo madogo kama mundu, na ukiligeuza, upande wa chini una manyoya ya kijivu, laini kama shavu la panya. Mshipa wa katikati ni mwekundu. Jani hilo lilichemshwa kwa homa ya tumbo ya watoto. Sasa, bega kwa bega na mtoriro, kwenye kijito hicho hicho, uliota mti mwingine. Meno ya mundu, unayo. Manyoya ya panya, unayo. Mshipa mwekundu, unao. Huo ulikuwa sumu. Jina ulikuwa nalo, lakini halikutajwa, kwa sababu watu waliamini ukiuita utaitika. Waliuita Mwenzake tu.

Mtaitenganishaje? Kwa maua, mtaniambia. Kweli, maua yake yalitofautiana, lakini yalichanua wakati wa vuli tu, na mtoto hangoji vuli ndipo augue. Njia ilikuwa moja. Ulishika jani bichi, ukalivunja kikonyo, ukaliacha lidondoshe tone juu ya ukucha wa dole gumba. Tone la mtoriro ni angavu kama chozi, na ukilinusa linanukia kama majani ya mpera yaliyofikichwa. Mwenzake hutoa utomvu mzito kama maziwa, na ukiutazama kidogo unageuka rangi ya chai. Lakini jani likishakauka, tone halipo, harufu haipo. Yote mawili yanakuwa vumbi la kahawia, na hata Nakiete mwenyewe hakuweza kuyatenganisha. Alikuwa na msemo wake: "Jani kavu limeshakufa, na maiti haitaji jina lake."

Kwa hiyo Mrembwe walikuwa na desturi yao. Mchumaji hakuingia jikoni moja kwa moja na mzigo wake. Aliyaleta majani yakiwa mabichi, yamefungwa ndani ya jani la mgomba yasinyauke, akasimama uani mbele ya wenye mgonjwa. Alivunja kikonyo, akaweka tone ukuchani, akauliza kwa sauti, "Wewe ni nani?" Jani lilijibu kwa tone lake, na wenye mgonjwa, wakishaona na kunusa, ndio walioitikia kwa niaba yake: "Ni mtoriro." Asipopatikana wa kuitikia, majani yalitupwa nje ya ua, na hakuna aliyenuna. Wakishaitikia, tawi moja lilichomekwa kwenye kipande cha mgomba kilichosimikwa kando ya mlango. Mnajua mgomba unavyoshika maji. Tawi lilikaa bichi pale mpaka mgonjwa apone, nalo liliitwa shahidi. Mwenye shaka alilivunja jani lake akaliuliza upya.

Tazameni basi! Watu wenye heshima kiasi hicho kwa jani.

Siku moja mtoto wa Makange akaugua. Alikuwa binti mdogo, Nambike, ndiyo kwanza ameanza kukimbiza kuku. Tumbo likavimba, homa ikapanda, wazee wakasema mtoriro. Nakiete akaenda kijitoni umande ukiwa bado majanini, akarudi, akasimama uani. Walikuwapo Makange mwenyewe, mkewe aliyempakata mtoto, na Nakunda, dada yake Makange, ambaye ndiye aliyeshika jiko kwa sababu wifi yake hakuweza kumweka mtoto chini hata kidogo. Nakiete akavunja kikonyo. Tone likadondoka, angavu.

"Wewe ni nani?"

Aliyeitikia kwanza, na kwa sauti kuliko wote, alikuwa Nakunda. "Ni mtoriro!"

Tawi la shahidi likachomekwa mlangoni. Nakiete akamkabidhi Nakunda majani, akamwambia, "Dada yangu, haya ni ya chungu kimoja. Maji yakianza kuwa mepesi usiongeze kitu. Niite, nitaleta mengine mabichi."

"Nitakuita, Mama Mbonea. Kwani mimi mtoto?"

Jioni yake Nambike akatoka jasho, akanywa uji, akamvuta baba yake ndevu. Makange akacheka mpaka majirani wakamsikia.

Kesho yake maji ya chungu yakawa mepesi. Nakunda aliyakumbuka maneno ya Nakiete, siwezi kumsingizia kwamba alisahau. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na kwa Nakiete ni kupanda kilima chenye utelezi, na pale darini, juu ya moshi wa jiko, palikuwa na fungu la majani aliyoyachuma mwenyewe siku nyingi nyuma akayakausha. Akajisemea moyoni, mtoriro ni mtoriro, au Nakiete ana mtoriro wake wa dhahabu? Akapanda juu ya kigoda, akashusha fungu, akayafikicha majani chunguni, akachochea moto. Hakuwa na ubaya. Nasema hivyo kwa haki yake, maana alimpenda mtoto yule kama aliyemzaa. Lakini upendo hautenganishi jani kavu na jani kavu.

Kabla jua halijafika utosini mtoto akatapika, mwili ukalegea kama nguo iliyolowa, macho yakapanda juu. Nakunda akapagawa. Akaona lazima majani ya Nakiete yalikuwa mabaya, na sumu yake ilikuwa inafanya kazi polepole. Akamwaga chungu kizima, akakisugua, akakijaza upya kwa majani yake makavu matupu ili amwokoe mtoto. Makange akatoka njiani bila hata shuka begani.

"Nakiete ameniulia mtoto! Nakiete kaniletea Mwenzake!"

Jana yake alikuwa Mama Mbonea. Sasa Nakiete, kavu, kama anavyoitwa mwizi.

Na neno lile lilivyokwenda, wajukuu zangu! Maji ya mfereji hufika shamba la chini yamepungua, lakini neno lile lilifika chini limeongezeka. Kwenye nyumba ya kwanza, Nakiete alikosea jani. Nyumba za katikati, alilileta makusudi kwa kumwonea kijicho mama wa mtoto. Lilipofika kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji tunapogawia maji ya mashamba, alikuwa ameshaua watoto wa vijiji vingine pia, na kuna mtu alikuwa anawataja kwa majina. Watu waliacha majembe yao. Waliacha kunde juani. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya Nakiete, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa Nakiete. Hata mmoja!

Mwenyewe alikuwa mferejini anaosha magimbi. Wanawake waliokuwa naye wakajitwika vyombo vyao wakaondoka bila kuaga, mmoja akaacha hata kata yake. Nakiete akamshika wa mwisho mkono. "Kuna nini, jamani?"

Yule akajinasua. "Kayaulize majani yako."

Akaacha magimbi majini, akaenda moja kwa moja kwa Makange. Hakujificha, maana alijua alichokileta. Makange akamzuia langoni kwa fimbo.

"Rudi! Ukikanyaga hapa navunja mguu."

"Baba Nambike, mtoto yukoje?"

"Unamwulizia ili uje ummalizie?"

"Nisikilize, baba. Chunguni mmeweka nini?"

"Usinitajie chungu! Sumu umeleta wewe, chungu unakiulizia cha nini?"

"Neno moja tu. Kuna aliyeongeza majani?"

Kutoka jikoni Nakunda akapaza sauti: "Mfukuze, kaka! Mtu anayezungumza na majani atasikia nini cha watu?"

Mmesikia swali lake? Chunguni mmeweka nini. Lingejibiwa pale pale langoni, mtoto angepona mapema na mimi leo nisingekuwa na hadithi. Na tawi la shahidi lilikuwa limesimama mlangoni, bichi kabisa, nyuma ya mgongo wa Makange. Angegeuka tu! Mtu aliyezaliwa na kulelewa katika desturi ya kuuliza jani, na jani liko hatua chache nyuma yake, na mwulizaji yuko mbele yake. Hakugeuka. Mpaka leo nikifika hapa natamani niingie kwenye hadithi hii nimshike kichwa nimgeuze kwa mikono yangu miwili.

Nakiete akarudi kwake. Na kwake ndiko kunakoniuma kuliko langoni. Makange alikuwa baba mwenye mtoto anayekata roho, na mtu wa namna hiyo husamehewa mengi. Lakini Senzota? Senzota alikuwa mume. Alikuwa akimwona mkewe anavyotoka na umande na kurudi amelowa mpaka magotini. Alijua kwamba mkewe aliwahi kutupa mzigo mzima wa majani nje ya ua wa watu kwa sababu ya tone moja tu lililomtia shaka, akarudi msituni kwenye mvua. Alijua hayo yote. Nakiete alipoingia, alikuta kapu lake limewekwa mlangoni, na mkeka wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, fundo juu ya fundo. Senzota alikuwa ameketi anachonga mpini wa jembe. Hakuinua macho.

"Wazee wanakuita kesho asubuhi kwenye ndiva," akasema. "Nasikia utarudishwa kwenu."

"Na wewe unasemaje, Baba Mbonea?"

"Mimi nimekuwekea vitu vyako tayari, usije ukahangaika."

Nakiete akaketi ng'ambo ya moto. Akangoja. Akachochea kuni, akangoja. Akampakulia mumewe makande yaliyobaki, akamwekea maji ya kunawa, akangoja. Senzota akala, akanawa, akasema leo kuna baridi, akaenda kulala. Nakiete naye akalala juu ya ngozi ya mbuzi iliyokuwa pembeni, kwa sababu mkeka wake ulikuwa umeshafungwa.

Asubuhi watu wakajaa kwenye ukingo wa ndiva. Mkubwa wa baraza alikuwa Mzee Kihiyo, mgawaji wa maji. Huyo alikuwa mtu wa haki katika mambo ya mfereji. Hakuwahi kumfungulia hata ndugu yake wa tumbo moja kabla ya zamu. Lakini baraza lile lilikuwa na desturi nyingine, na hii siisifu hata kidogo: mwanamke hakusema mpaka mkubwa wa baraza amwulize. Akisema bila kuulizwa, maneno yake yalikuwa kelele, na mumewe alitozwa jogoo.

Makange akasema. Alisema vizuri, huku analia, na hata wewe ungelia. Nakunda akaulizwa, akajibu, "Yeye alileta, mimi nikapika, mtoto yuko mikononi mwa Mungu." Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia akazinduka, akasema naye aliwahi kupewa jani na Nakiete, na tangu hapo goti linamwuma.

"Goti lako limeanza kabla huyu hajaolewa huku," mkewe akanong'ona nyuma yake. Waliosikia wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba wamekuja kumfukuza mtu, wakakaza nyuso.

Nakiete alikuwa amesimama katikati, kapu miguuni, mkeka juu ya kapu. Mzee Kihiyo akamtazama, akafungua kinywa, na watu wote wakadhani sasa anamwuliza. Kumbe alikuwa anakohoa. Akamgeukia mume.

"Senzota, unalo neno?"

Senzota akasimama. "Baraza likishasema, mimi ni nani?" Akaketi.

"Basi. Arudi kwao leo hii, na asiingie tena msitu wa Mrembwe."

Walimwuliza baba, wakamwuliza shangazi, wakamwuliza mume, wakamsikiliza hata mwenye goti. Ng'ombe akila mahindi ya mtu pale Mrembwe, watu walikwenda kwanza kutazama alama za kwato. Ng'ombe! Yeye, aliyewapimia dawa watoto wao tangu alipoolewa, hakupata hata haki ya kwato.

Nakiete akainama. Watu wakajua anachukua kapu. Hakulichukua. Akalipita, akapenya katikati yao, akashuka njia ya kwenda kwa Makange.

"Anakimbia huyo!"

"Mwacheni. Kwao ni njia ya juu, atarudi tu."

Akarudi kweli. Mkononi alikuwa na tawi la shahidi, na maji ya mgomba yalikuwa yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akasimama mbele ya Mzee Kihiyo. Hakumsemesha yeye wala mtu mwingine yeyote. Alichuma jani, akavunja kikonyo, tone likadondoka juu ya ukucha wa dole gumba, akainua mkono jua lilipate lile tone. Kisha akaliuliza.

"Wewe ni nani?"

Kuuliza jani hakukuwa kusema barazani, na hapakuwa na mzee wa kumnyamazisha. Akangoja tone ligeuke rangi mbele ya macho yao. Halikugeuka. Akalipitisha puani kwa wazee, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayegawa ugoro, na kila pua ikapata mpera. Ndipo akauliza mara ya pili, kwa sauti ile ile, hakuipandisha.

"Wewe ni nani?"

Desturi ilitaka mtu aitikie. Aliyeanza alikuwa yule mke wa mzee mwenye goti. "Ni mtoriro." Wanawake wa nyuma wakaitikia, "Ni mtoriro." Mwisho kabisa, polepole, Mzee Kihiyo akasema, "Ni mtoriro." Akageuka.

"Nakunda. Tawi hili ndilo uliloliitikia siku ile?"

"Ndilo, baba."

"Sasa kilichomdhuru mtoto ni nini? Uliongeza kitu chunguni?"

Hilo ndilo swali la langoni, mnaona? Limezunguka kijiji kizima, limelala, limeamka, ndipo likaulizwa na mwanamume, likajibiwa.

"Niliongeza ya kwangu, baba, maji yalipokuwa mepesi. Niliyoyakausha mwenyewe. Na mtoto alipozidiwa nikamwaga yale ya Nakiete yote, nikapika ya kwangu matupu. Ndiyo anayokunywa."

"Anayokunywa lini?"

"Sasa hivi. Nimemwachia mama yake kwenye kibuyu."

"Na hayo ya kwako, uliyauliza?"

Nakunda akatazama huku na huku. "Baba, yalikuwa makavu. Jani kavu linaulizwaje?"

Alipokuwa akimaliza kusema, Makange alikuwa ameshafika mteremkoni. Alimkuta mkewe ameinamisha kibuyu kwenye midomo ya mtoto. Akakipiga teke kikapasukia ukutani, akaingia jikoni akabeba chungu cha moto kwa mikono mitupu akakitupa nje, na makovu ya siku ile alikwenda nayo kaburini. Mtoto akanyweshwa maji, akatapika, akanyweshwa tena, akatapika mpaka hakuna cha kutapika. Nakiete akaenda kijitoni. Akachuma, akaleta, akasimama uani pale pale alipotishiwa kuvunjwa mguu, akauliza jani, wakaitikia. Hakuna aliyemwomba radhi siku hiyo, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama Nambike. Yeye pia alikuwa akimtazama Nambike. Mwezi mpya ulipoandama, mtoto alikuwa anakimbiza kuku.

Lakini ule mkeka, Nakiete hakuufungua. Kapu lilikaa mlangoni lilipowekwa. Alipika, alilima, alichuma majani ya watu, na usiku alilala juu ya ngozi ya mbuzi. Senzota alikuwa akiliruka kapu lile akitoka na akiliruka akiingia, na hakuthubutu kulisogeza. Kijiji kizima kilijua: Nakiete hajaamua kama anabaki.

Ndipo wazee wakaja. Mzee Kihiyo mbele, Makange akivuta dume la mbuzi, mtungi wa dengelua, pombe ya miwa, kichwani kwa kijana, na Nakunda nyuma kabisa, amejifunika shuka mpaka kwenye nyusi. Wakasimama uani.

"Mama Mbonea," Makange akasema, "nimekukosea. Nimeleta huyu mbuzi."

"Mbuzi huyu hakunikosea, Baba Nambike. Mrudishe akale."

Wakatazamana. Mzee Kihiyo akakohoa. "Tuongeze wa pili?"

"Hata mkileta zizi lenye mlango wake."

Nakunda akaanza kulia chini ya shuka. Nakiete akamwendea, akamfunua uso, akamfuta kwa kiganja. "Wewe nilishakusamehe siku ile ile. Ulipoulizwa, ulisema kweli." Wengine wote akawaacha wamesimama.

Senzota alikuwa amechuchumaa karibu na lile kapu. Akautazama mkeka, na mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Mwanamume yule, sijui alikuwa anaogopa nini siku zote zile. Akainua macho.

"Mama Mbonea. Naweza kukuuliza?"

"Uliza."

"Unataka nini?"

Mkeka ule ulikuja kufunguliwa, msihofu, na aliyeufungua ni Senzota mwenyewe, kwa meno, maana fundo la kamba ya mgomba likikauka halifunguki kwa vidole. Usingefunguliwa, mimi nisingezaliwa wala ninyi msingekuwa hapa mnanipukuchulia mahindi. Lakini kabla ya fundo yalitangulia maneno. Wazee walikuwa wamesimama pale na mbuzi wao, wakasikia kila neno, wakaondoka nayo badala ya shukrani. Ndiyo maana mama yenu anayo, nami nawapa kama nilivyopewa. Nakiete alimgeukia mumewe, akasema:

"Jioni ile nilichochea moto usiotaka kuchochewa. Nilikupakulia chakula nikakaa mbele yako. Sikutaka unitetee kwenye ndiva, Baba Mbonea, wala sikutaka umpige Makange. Nilitaka uniulize, 'Mke wangu, ilikuwaje?' Hayo tu. Ungeniuliza hayo, kijiji kizima kingenitukana na mimi ningelala usingizi kwenye mkeka wangu. Kila siku mnanisimamisha uani kwenu nikiuliza kitu kilichoota kando ya maji, kisicho na sikio wala kinywa, na mnangoja kijibu. Hata jani huulizwa, mume wangu, sembuse mtu."